Vidonda vinavyokauka na kurudi: kisa cha mtoto wa miezi 9 kutoka Tandahimba

Mtoto wa kiume wa miezi 9, mzaliwa wa pili, alifikishwa kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja mkoani Mtwara akiwa na karatasi ya rufaa yenye maneno manne: "Vidonda vya ngozi visivyopona." Hapakuandikwa kwamba anaharisha, ingawa winda alilofungwa lilikuwa limelowa tangu kwenye gari. Hapakuandikwa aliacha ziwa lini. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu dawa iliyomponya ni ileile ya kuharisha inayogawiwa kwenye zahanati zetu, na alikuwa ameshapewa mara mbili kabla hajafika kwetu. Aliyekuwa amekaribia kuutambua ugonjwa kuliko wote alikuwa bibi yake. Jina la mtoto, kijiji na vituo alikopita nimeviacha.

Chini ya zambarau

Kilichoonekana kwanza kilikuwa GV, ile dawa ya kupaka ya rangi ya zambarau. Alikuwa amepakwa kuanzia puani hadi kidevuni, vidole vyote vya mikono, na kuanzia kitovuni hadi magotini, tabaka juu ya tabaka, mpaka ngozi haisomeki. Dawa ile haina ubaya kwa fangasi ya mdomoni, lakini ikishapakwa wiki nzima inaficha kila kitu ambacho macho yanatakiwa kukitafuta: rangi, ukingo, unyevu. Muuguzi aliloweka gozi kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, akabandika, akasubiri, akabandua taratibu, akarudia, hadi magamba yakalainika na kutoka bila kutonesha. Kazi hiyo ilikula sehemu kubwa ya asubuhi, na hakuna kipimo cha maabara kilichotusaidia kuliko kazi hiyo.

Chini yake kulikuwa na mabaka yenye ukingo wa wazi kabisa. Unaweza kuweka kidole pale ngozi nzima inapoishia na iliyoharibika inapoanzia. Usoni yalipita pembeni mwa mdomo na kidevuni kwa umbo la herufi U, yakauacha mdomo wa juu karibu mzima. Pembe za mdomo zilikuwa zimepasuka. Makalioni na kuzunguka njia ya haja kubwa ngozi ilikuwa imechubuka, inang'aa, inatoa majimaji. Kwenye vidole vya mikono nyama ya kuzunguka kucha ilikuwa imevimba, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na malengelenge madogo yaliyokwisha kupasuka. Visigino na vifundo vya miguu vilikuwa na magamba makavu. Kifua na mgongo vilikuwa safi.

Hapa niseme kidogo kuhusu rangi. Vitabu vingi vya ngozi vimejaa picha za watoto weupe, na maelezo yake ni "mabaka mekundu". Kwenye ngozi ya mtoto wa Kimakonde wekundu huo hauji hivyo. Unaona kahawia iliyokolea, au zambarau ya ngozi yenyewe, au weusi wenye magamba, na palipoanza kupona panabaki peusi zaidi au pamepauka. Anayesubiri kuona wekundu atasubiri mpaka mtoto azidiwe. Kwa watoto wetu, mahali baka lilipokaa na ukingo wake vina uzito kuliko rangi.

Nywele zilikuwa chache na nyepesi, zinatoka ukizivuta kidogo, na nyusi karibu hazikuwepo. Kingo za kope zilikuwa zimevimba, na kila dirisha lilipofunguliwa aliuficha uso kwenye kanga ya mama yake. Alilia mfululizo: akibebwa analia, akilazwa analia. Mtoto mwenye ukurutu hujikuna huku akichezea ufunguo wako. Huyu hakuchezea chochote.

Uzito ulikuwa kilo 6.1, urefu sentimita 65, mzingo wa mkono sentimita 11.9. Kwa mvulana wa miezi 9, mstari wa chini kabisa wa viwango vya Shirika la Afya Duniani unapita kwenye kilo 6.4. Miguu haikuvimba, ukibonyeza hapabaki shimo. Alipata choo cha majimaji mara tano au sita kwa siku, bila damu. Hakuwahi kupata degedege, shingo yake ilikuwa imara, na aligeuka kila aliposikia sauti ya mama yake. Mambo haya matatu ya mwisho yasomwe kwa makini, maana ndiyo yaliyotuondolea hofu ya magonjwa mengine mabaya zaidi.

Bibi na kadi ya kliniki

Mama alikuwa na mimba ya karibu miezi mitano na alizungumza kidogo sana. Aliyezungumza ni bibi mzaa mama. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, alisema jambo ambalo kila aliyefanya kazi huku amelisikia: mtoto amebemendwa. Mama alishika mimba mwana akiwa bado ziwani, maziwa yakaharibika, ikabidi aachishwe siku hiyohiyo, lakini madhara yalikwisha kuingia. "Daktari, huyu alikuwa mtoto mnono. Alipoacha tu ziwa, hata mwezi haukuisha, mdomo ukaanza kuchubuka."

Wapo wenzetu wakisikia neno kubemenda wanafunga daftari. Naona huko ni kutupa historia nzuri kuliko zote zilizoletwa siku ile. Sababu aliyoitaja bibi haina msingi: mimba haiyageuzi maziwa kuwa sumu, na mama ambaye mimba yake haina matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha. Mpangilio wake wa matukio, hata hivyo, ulikuwa sahihi hadi wiki. Ziwa lilikoma, ngozi ikaharibika. Tarehe tukazichukua, hukumu tukaiacha. Hukumu hiyo ilikuwa imeshafanya kazi yake mbaya nyumbani: mama alimficha mtoto ndani kwa aibu, na baba naye akawa anatupiwa maneno na mashemeji.

Kadi ilimuunga mkono bibi. Uzito wa kuzaliwa kilo 3.1. Mstari ulipanda vizuri hadi mwezi wa tano, akinyonya maziwa ya mama peke yake. Mwezi wa tano ziwa likaisha, akaanzishwa uji wa mahindi, uji wa muhogo na chai ya maziwa. Kuanzia hapo mstari unalala, kisha unashuka. Alipokuwa na miezi 6 na nusu imeandikwa kuharisha, akapewa ORS na zinki, kidonge kimoja kwa siku kwa siku 10. Kabla hajatimiza miezi 8 imeandikwa kuharisha tena, ORS na zinki tena, siku 10. Kati ya hapo na baada yake kuna amoksilini, mafuta ya mchanganyiko wa steroidi na dawa ya fangasi kutoka duka la dawa, GV, na dawa ya kuogea ya mitishamba ambayo mama aliitaja kwa sauti ya chini.

Mama hakuulizwa dawa gani ilisaidia, kwa sababu swali hilo humfanya mtu ajibu kumridhisha anayeuliza. Aliulizwa kama kuna siku ngozi iliwahi kupoa. Alijibu hapohapo: "Akinywa vile vya kuyeyusha kwenye kijiko." Vidonge vilipokwisha, ngozi ilikaa kama wiki mbili, kisha ikaanza upya. Mara ya kwanza alidhani ni bahati. Mara ya pili alirudi kuomba vingine, akaambiwa mtoto haharishi, havitolewi. Kwa mwongozo wa kuharisha, aliyemkatalia alikuwa sahihi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF ulisema zinki itolewe siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, na baada ya hapo basi.

Yakajitokeza mengine mawili. Mzaliwa wa kwanza wa wazazi hawa alifariki akikaribia mwaka mmoja, "amechubuka mdomo na makalio, anaharisha", ikasemwa ni utapiamlo. Na wazazi wenyewe ni mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, jambo ambalo bibi alilieleza kwa fahari. Ugonjwa unaorithiwa kwa jeni fiche unahitaji nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi waliotoka kwa babu mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba nakala ileile bila wao wenyewe kuugua. Siku ile mambo ya ukoo hatukuyagusa. Mama alikuwa na lawama za kutosha.

Magonjwa yanayovaa sura hii

Ugonjwa tuliomshuku nao unaitwa akrodematitisi enteropatika: mtoto anazaliwa na utumbo usioweza kunyonya zinki ya chakula kama inavyotakiwa. Ni wa nadra. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtoto mmoja kati ya 500,000. Kwa hiyo kabla ya kuufikia ilibidi kupita kwenye yale ya kila siku.

Vipele vya nepi vya kawaida havipandi mdomoni wala kwenye kucha. Fangasi hupenda mikunjo ya mapaja na hutupa vipele vidogo pembeni mwa baka kubwa. Hapa mikunjo ilikuwa na nafuu kuliko makalio yenyewe. Ukurutu wa watoto wachanga hukaa mashavuni na mara nyingi huliacha eneo la nepi. Upele wa kuwasha ungekuwa na wenzake nyumbani. Mama alikuwa amepimwa kaswende na virusi vya UKIMWI kliniki, hana, na kipimo cha virusi cha mtoto nacho kikarudi hasi.

Kwashiakoo ndiyo iliyotushughulisha zaidi, kwa sababu ngozi yake nayo hubanduka, nywele hupauka na mtoto huwa mnyonge. Lakini miguu ya huyu haikuvimba, na kwashiakoo huharibu mapaja, mgongo na mikono kwa mabaka mapana. Haichagui matundu ya mwili na ncha za vidole. Kuna mtego hapa ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha wodini. Maziwa ya F-75 tunayowapa watoto wenye utapiamlo mkali yana takribani miligramu 2 za zinki katika kila mililita 100. Mtoto anayekunywa mililita 130 kwa kila kilo ya uzito wake anapata zaidi ya miligramu 2.5 kwa kilo kwa siku, yaani karibu dozi kamili ya kutibu ugonjwa huu. Mtoto kama wetu angekuwa amekonda zaidi kidogo, angeingizwa kwenye maziwa hayo, ngozi ingesafika, angeandikwa "utapiamlo, amepona", angerudi nyumbani kwenye uji wa muhogo, na baada ya wiki kadhaa angekuwa ameanza upya. Sijui kama ndiyo yaliyompata kaka yake. Inafaa mtoto wa utapiamlo anayerudi wodini na vidonda vilevile mahali palepale aangaliwe kwa jicho hili.

Upungufu wa zinki unaotokana na chakula peke yake nao upo, na kwetu si mgeni. Uji wa nafaka isiyokobolewa una fitati nyingi inayoishika zinki isinyonywe, na kuharisha kwa muda mrefu kunaimwaga ile kidogo iliyoingia. Mtoto wa namna hiyo akipewa zinki na chakula kikarekebishwa, hupona na kubaki amepona. Wetu alirudi mara mbili, kila mara ndani ya wiki chache baada ya kidonge cha mwisho.

Kuna pia ndugu wa ugonjwa huu ambaye ratiba yake ni kinyume. Baadhi ya akina mama wana kasoro ya jeni inayoitwa SLC30A2. Wao ni wazima, ila maziwa yao yana zinki kidogo mno. Mtoto huchubuka mdomo na makalio akiwa bado ananyonya tu, na hupona kabisa akishaanza kula vyakula vingine. Kwa hiyo swali la kumuuliza mama yeyote mwenye mtoto wa sura hii ni moja: yalianza kabla ya kuacha ziwa au baada? Jibu la bibi lilikuwa limeshalifunga.

Yakabaki magonjwa mengine ya kurithi ya umetaboli, yaani yale ambayo mwili unashindwa kusaga, kunyonya au kutumia kitu fulani katika chakula. Sisi wa kusini tunadhani magonjwa haya ni ya Ulaya, na huku mmoja wao tunaishi nao: ualbino. Ni kasoro ya kutengeneza rangi ya mwili kutokana na tairosini, moja ya chembe zinazojenga protini, na hapa Tanzania aina inayoongoza hutokana na jeni ya OCA2. Mwingine unaogusa rangi ni fenilketonuria, ambapo mtoto huwa na ngozi na nywele nyepesi kuliko za ndugu zake, ukurutu na harufu ya uvundo kwenye mkojo, huku akili ikididimia. Mvulana mwenye nywele fupi zilizosokotana, ngumu na zinazokatika, mwenye degedege na mwili uliolegea, huenda ana ugonjwa wa Menkes, ambao ni wa shaba. Kwenye ugonjwa wa mkojo wenye harufu ya sukari guru na kwenye magonjwa ya kurundikana kwa asidi za propioni na methilmaloni mwilini, mabaka yanayofanana kabisa na ya mtoto wetu hutokea, mara nyingi pale mtoto anapopunguziwa protini kwa matibabu na isolusini, nayo chembe ya kujenga protini, ikashuka kupita kiasi. Lakini watoto hao kwa kawaida huugua mapema, wengi siku au wiki za mwanzo: hawanyonyi, wanatapika, wanapoteza fahamu. Huyu alinawiri kwa miezi mitano.

Ambao haufai kukosewa ni upungufu wa kimeng'enya cha bayotinidasi. Huanza miezi ya mwanzo, ngozi huchubuka kuzunguka mdomo na macho, nywele hutoka, na pamoja nayo huja degedege, mwili kulegea na kupoteza usikivu. Tiba yake ni vitamini ya bayotini, miligramu 5 hadi 10 kwa siku maisha yote. Ngozi na degedege huitikia haraka, lakini masikio yakishakufa hayarudi. Nchi nyingi hupima ugonjwa huo kwa tone la damu ya kisigino mtoto anapozaliwa. Kliniki zetu za kawaida hazina kipimo hicho, kwa hiyo mtoto mwenye sura hii akiwa na degedege, mimi nisingesubiri chochote. Ningempa bayotini siku hiyohiyo. Mtoto wetu alikuwa anasikia, ameshika shingo na hajawahi kudegeduka. Tulikubaliana kuanza na zinki peke yake na kuongeza bayotini ikiwa wiki itapita bila mabadiliko.

Maabara ilitoa kitu kimoja cha maana. Alkalaini fosfatasi ilikuwa 46. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi bila zinki, na mtoto anayekua mifupa hutakiwa kuwa nacho kingi, kwa mamia. Kipimo ni cha kawaida, hukaa kwenye orodha ileile ya vipimo vya ini, na hutazamwa tu kikiwa juu. Kikiwa chini mno kwa mtoto mwenye vidonda, kinasema jambo. Kipimo cha zinki yenyewe hakikupatikana na hatukukingoja. Hata kinapopatikana hupotoshwa na maambukizi na hata na kizibo cha mpira cha chupa ya damu. Picha za mikono na mdomo tuliwatumia wenzetu wa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, nao wakakubaliana na mawazo yetu. Kipimo cha jeni hakikufanyika, kwa hiyo kwenye faili tuliandika "yamkini sana" na tukaiachia dawa imalizie.

Kidonge kimoja

Dozi ni miligramu 3 za zinki kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 6.1 ni miligramu 18. Kidonge cha kuyeyusha cha kuharisha kina miligramu 20. Hesabu ilikuwa rahisi kiasi cha kutia shaka: kidonge kimoja, kijiko cha maji safi au maziwa, kila siku asubuhi, mbali kidogo na uji. Vidole vilikuwa na usaha, akapewa kloksasilini, mdomoni nistatini. Ngozi ilioshwa kwa maji ya chumvi na kupakwa vaselini. Steroidi na GV viliwekwa kando. Antibiotiki na dawa za fangasi alikwisha kupewa huko nyuma bila mafanikio, kwa hiyo hapakuwa na hofu kwamba zingeuchanganya mwitikio.

Usiku wa tatu alilala. Mama ndiye aliyekuja kutueleza, kabla hatujauliza habari za ngozi. Siku ya nne choo kikashika. Siku ya sita alifumbua macho dirishani na kunyang'anya kalamu ya muuguzi. Ngozi ilifuata nyuma: wiki ilipotimia majimaji ya makalioni yalikuwa yamekauka na magamba ya kidevuni yanadondoka, na alipotoka wodini mpaka wa U mdomoni ulikuwa umebaki kivuli cheusi tu. Nyusi zilichelewa miezi miwili.

Mpangilio huo, hali ya mtoto kwanza, tumbo pili, ngozi tatu, nywele mwisho, ndio wa ugonjwa huu, na unafaa kuambiwa familia mapema. Asiyeambiwa atatazama ngozi siku ya tatu, ataona haijabadilika, atakatisha dawa.

Ghala na mlango

Kwa nini dozi kubwa inafanya kazi kwa mtu asiyeweza kunyonya zinki? Kwenye kuta za utumbo mwembamba kuna protini iitwayo ZIP4, inayotengenezwa na jeni ya SLC39A4. Hiyo ndiyo mlango mkuu wa zinki. Kwa mtoto huyu mlango umefungwa: korosho zimerundikana nje ya ghala la chama, ndani hakuna gunia. Lakini ukileta mzigo mkubwa zaidi ya kawaida, kiasi fulani hupenyezwa kwa njia za pembeni, na mwili wa mtoto hauhitaji zaidi ya hicho. Maziwa ya mama yana kitu kingine cha kumlinda: zinki yake hunyonywa kwa urahisi kuliko ya maziwa ya ng'ombe au ya uji, kwa hiyo mtoto hustawi kifuani na huanguka akitolewa. Mtoto mwenye kasoro hii akilelewa kwa maziwa ya kopo tangu mwanzo, huanza kuugua ndani ya siku au wiki chache za kuzaliwa.

Waganga waliujua ugonjwa muda mrefu kabla ya kuijua sababu. Thore Brandt wa Sweden alieleza watoto wa namna hii mwaka 1936, na mwaka 1942 Niels Danbolt na Karl Closs wa Norway wakaupa jina lake. Wengi walikufa. Waliobaki walipewa maziwa ya mama, na tangu mwaka 1953 dawa moja ya amiba yenye iodini ambayo ilionekana kusaidia bila mtu kueleza kwa nini, na ambayo baadaye ilijulikana kuharibu mishipa ya macho. Mwaka 1973 Edmund Moynahan, London, alikuwa na mtoto wa kike aliyewekwa kwenye chakula maalumu kisicho na laktosi na hapati nafuu. Walipopima damu wakakuta zinki iko chini mno. Wakampa, akapona. Kisha zinki ikasahaulika kwenye orodha ya dawa zake, ugonjwa ukarudi. Iliporudishwa, ukatoka tena. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 2002.

Yaani ushahidi uliobadilisha vitabu mwaka 1973 ni uleule ambao mama wa Tandahimba alikuwa nao: akipewa anapona, akikosa anarudi.

Kazi ya kila mwezi

Kumponya kulikuwa rahisi kuliko kumweka mzima. Dawa hii ni ya maisha, na mfumo wetu unaijua kama dawa ya siku kumi. Mwezi wa kwanza tu mtoa dawa wa karibu na kwao aliuliza, "Anaharisha?", na mama, kwa ukweli wake, akasema hapana, akarudi mikono mitupu. Tulibandika karatasi kwenye jalada la kadi ya kliniki: jina la ugonjwa, dozi, neno "kila siku, hata kama haharishi", na sahihi. Karatasi hiyo imefanya kazi kuliko barua ya rufaa. Duka la dawa nalo linauza vidonge hivyo bila shida, na baba alielewa kwamba boksi linatakiwa kununuliwa kabla la zamani halijaisha.

Halafu ikaja korosho. Familia ilihamia shambani kuokota, mbali na zahanati, na vidonge vikaisha. Wiki ya pili pembe za mdomo zikapasuka. Safari hii hakuna aliyesema kubemenda. Bibi ndiye aliyemtuma kijana wa bodaboda kufuata dawa.

Kila anapokuja tunapima uzito na kurekebisha dozi, kwa sababu dozi isiyokua pamoja na mtoto ni sawa na kuipunguza. Alipokaribia kilo 9 tulipanda hadi kidonge kimoja na nusu. Tunapima damu pia, picha kamili na alkalaini fosfatasi, kwani zinki ikizidi kwa muda mrefu huizuia shaba kunyonywa, na mtoto huishia kuwa na upungufu wa damu na chembe nyeupe chache. Akitapika baada ya kidonge, apewe pamoja na chakula kidogo. Hivyo ni bora kuliko kuacha.

Mama amejifungua mtoto wa kike, kilo 3. Kila mimba ya wazazi hawa ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa, na iliyopita haipunguzi wala kuongeza ya inayofuata. Binti sasa ana miezi minne, ngozi safi, mnono. Hilo bado halituambii kitu, maana kaka yake naye katika umri huo alikuwa hivyohivyo. Tumekubaliana na mama, na bibi akiwepo, kwamba ziwa lisikatizwe ghafla kwa sababu yoyote ile, mimba ikiwemo; kwamba alkalaini fosfatasi ipimwe vyakula vingine vitakapoanza, na tena ziwa litakapokoma; na kwamba pembe ya mdomo ikichubuka asipakwe GV bali aletwe hospitali na kadi zote mbili, yake na ya kaka yake.